Kaboni ya Kinamasi cha Chumvi Hushikwa na Maji

Ndugu msomaji,

Swali lako kwa ufupi ni hili. Umesoma kwamba hekta moja ya kinamasi cha chumvi, yaani ule uwanda wa nyasi za pwani unaofunikwa na bahari maji yanapojaa na kuachwa wazi yanapokupwa, huzika kaboni nyingi zaidi kwa mwaka kuliko hekta moja ya msitu. Hilo limekutatiza, kwa sababu nyasi hizo hazina gogo wala tawi, hufa kila mwaka, na tope lililo chini yake hunuka kama yai viza. Na kitu kinachonuka, umeandika, ni kitu kinachooza. Basi umeuliza mambo matatu: kaboni hiyo inakaa wapi, kwa nini haitoroki, na je, ukuta ukijengwa kuzuia bahari huku nyasi zikiachwa kama zilivyo, kaboni itasalimika?

Nianze na la tatu, kwa kuwa ndilo lisiloweza kusubiri: haitasalimika. Nyasi huileta kaboni na tope huipokea, lakini kinachoamua kama itakaa msimu mmoja au miaka elfu kadhaa ni maji ya chumvi yanayopanda na kushuka kwa zamu yake. Ukiyafungia nje, umebadilisha kila kitu kilicho chini ya nyasi, hata kama juu hapajabadilika rangi. Sababu ya hayo imo ndani ya majibu ya maswali yako mawili ya kwanza, na inafaa tuifuate polepole, maana ulichokisema kuhusu harufu ni sahihi na ndicho kitakachotufikisha.

Kaboni huingia kinamasini kwa njia mbili. Ya kwanza ni usanisinuru: mimea inayovumilia chumvi, kama nyasi za jenasi Spartina zilizotawala vinamasi vya pwani ya mashariki ya Marekani, au Salicornia yenye vishina vinene vya kijani, huchukua hewa ukaa angani na kuijenga kuwa majani, mashina na mizizi. Watu hutazama majani kwa kuwa ndiyo yanayoonekana, lakini katika vinamasi vingi mizizi na mashina ya chini ya ardhi huwa na uzito mkubwa kuliko sehemu ya juu, na sehemu hiyo iliyofichika ndiyo yenye maana zaidi katika hesabu yetu. Jani likifa huanguka juu ya tope, mahali penye hewa, na hapo huliwa, huoza au huchukuliwa na maji. Mzizi ukifa hauhitaji wa kuuzika: umefia kaburini mwake, sentimita 10 au 20 chini, mahali ambapo oksijeni haifiki. Njia ya pili ni mashapo. Kila maji yanapojaa, bahari huja imebeba chembe laini za udongo pamoja na mabaki ya viumbe kutoka mbali. Mashina ya nyasi hupunguza kasi ya maji, na chembe hizo hutulia. Kwa hiyo sehemu ya kaboni iliyomo kinamasini haikuzaliwa hapo. Nitalirudia jambo hili baadaye, kwa sababu linavuruga hesabu.

Si yote inayoingia ambayo hubaki. Mwaka 1962 mwanaikolojia John Teal alichapisha hesabu ya nishati ya vinamasi vya kisiwa cha Sapelo, katika jimbo la Georgia nchini Marekani, na akakadiria kwamba takriban asilimia 45 ya mazao ya mimea huondolewa na maji ya bahari kabla viumbe wa kinamasi hawajayatumia. Wazo hilo, ambalo mwanaikolojia mwingine, Eugene Odum, alilikuza baadaye, liliwafanya wengi wavitazame vinamasi kama jiko linalolisha bahari jirani. Vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kiasi kinachotoka hutofautiana sana kati ya kinamasi kimoja na kingine, na kwamba kaboni nyingi hutoka ikiwa imeyeyuka majini badala ya kuelea kama vipande vya majani. Kiini, hata hivyo, kilibaki palepale: kinachozikwa ni sehemu ndogo ya kilichozalishwa. Usidhani kwamba kinamasi huhifadhi kaboni kwa sababu hakiozi. Kinaoza sana, ila kila mwaka kuna kiasi kidogo ambacho hakimalizwi.

Kukiona hicho kisichomalizwa ni lazima uchimbe. Sisi tunaovichunguza vinamasi hutumia bomba la chuma lenye ncha kali. Tunalididimiza wima kwenye tope, tunalichomoa, kisha tunaipasua kwa kisu nguzo ya udongo iliyomo, kuanzia juu hadi chini. Milimita chache za juu huwa za rangi ya kahawia, wakati mwingine zikiwa na utando wa kijani wa mwani. Chini yake rangi hugeuka ghafla kuwa kijivu, kisha nyeusi kama masizi, isipokuwa kuzunguka mizizi iliyo hai, ambako utaona pete nyembamba za rangi ya kutu, kana kwamba kila mzizi umevishwa bangili. Kutu hiyo ni kutu kweli. Nyasi hizi hupitisha hewa kutoka majanini hadi mizizini kwa mirija iliyo ndani ya shina, oksijeni kidogo huvuja nje, na chuma kilichoyeyuka kwenye tope huganda papo hapo. Ukiiacha nguzo hiyo wazi juu ya ubao kwa muda, utaona uso mweusi ukianza kupauka na kuelekea rangi ya kahawia: ni oksijeni ya angani ikikutana na salfaidi ya chuma, yaani muungano wa chuma na salfa, kwa mara ya kwanza tangu izikwe. Shuka chini zaidi, nusu mita au mita nzima, na utaweza kuchambua kwa vidole nyuzi za mizizi ambazo bado zina umbo lake, ingawa mmea wenyewe ulikufa karne kadhaa zilizopita. Katika kinamasi cha Barnstable, Massachusetts, ambacho Alfred Redfield alichapisha historia yake mwaka 1972, tabaka za namna hiyo zinarudi nyuma takriban miaka 4,000. Mimi binafsi sijawahi kuishika nyuzi ya namna hiyo bila kustaajabu.

Sasa harufu. Bakteria walio kwenye tope hula kaboni, na kama viumbe wote wanaopumua, wanahitaji kitu cha kupokea elektroni zinazotoka kwenye chakula hicho. Sisi tunatumia oksijeni. Palipo na oksijeni, wanaoitumia huwashinda wengine wote, kwa kuwa ndiyo inayotoa nishati nyingi kupita vyote. Lakini ndani ya maji oksijeni husambaa polepole takriban mara 10,000 kuliko hewani, na ile inayoingia topeni kutoka juu humalizwa ndani ya milimita chache. Ikiisha, zamu huenda kwa naitreti. Ikiisha naitreti, kwa manganizi, kisha kwa chuma kilicho katika hali ya kutu, kisha kwa salfeti. Na mwisho kabisa, hivyo vyote vikiisha, huja viumbe wanaotengeneza methani. Kila ngazi inayofuata hutoa nishati pungufu kuliko iliyotangulia.

Katika kinamasi cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, safari ya kuzishuka ngazi hizo ni fupi, na methani haiko mbali. Katika kinamasi cha chumvi, ngazi ya salfeti ni pana mno: kila kilo ya maji ya bahari ina takriban gramu 2.7 za salfeti, na kila maji yanapojaa ghala hilo hujazwa upya. Ndiyo maana Robert Howarth na John Teal, katika utafiti wao wa kinamasi cha Great Sippewissett, Massachusetts, uliochapishwa mwaka 1979, walikuta kwamba bakteria wa salfeti ndio wanaofanya sehemu kubwa ya kazi ya kuozesha. Bakteria hao huacha haidrojeni salfaidi, na hiyo ndiyo harufu ya yai viza uliyoisikia. Ulikuwa sahihi, basi: kuna kuoza, tena kwingi. Lakini pua yako ilikuwa ikikueleza pia kwamba pale chini oksijeni haipo na salfeti bado haijaisha, na yote mawili ni mambo ambayo kaboni iliyozikwa inayategemea.

Kwa nini basi baadhi ya kaboni hunusurika? Jibu kubwa limo kwenye lignini, ile dutu inayoipa mizizi na mashina ugumu wake. Vimeng'enya vinavyoivunja lignini kwa wepesi huhitaji oksijeni, na oksijeni ndiyo iliyokosekana. Bakteria wa salfeti ni hodari kwa asidi ndogondogo ambazo viumbe wengine wamekwisha kuzikatakata kutoka kwenye sukari na protini, lakini lignini huwashinda. Tena chembe za mfinyanzi na za chuma hushikamana na kaboni na kuifanya isifikike kwa urahisi. Halafu upo muda wenyewe: kadiri tabaka linavyozidi kufunikwa, vilivyo laini vimekwisha kuliwa na kilichobaki ni makapi, nayo makapi huoza polepole zaidi kila muongo unaopita. Kwa sababu hiyo, sentimita 5 za juu, ambazo kwa kawaida zina kaboni nyingi, bado hazijahifadhiwa. Zinasubiri zamu yake ya kuliwa. Mtu anayepima tabaka la juu pekee na kutangaza kwamba kaboni yote iliyomo imezikwa anaandika kwenye daftari la akiba fedha ambayo bado iko matumizini.

Salfaidi nayo haipotei yote hewani. Sehemu yake huungana na chuma na kuwa ule weusi wa masizi, na hatimaye hugeuka pairaiti, madini ya chuma na salfa yanayoweza kukaa tuli kwa maelfu ya miaka maadamu hewa haiyafikii. Ikumbuke pairaiti, maana tutakutana nayo tena ukuta utakapojengwa.

Hadi hapa nimeeleza kwa nini kaboni inakaa, ila sijaeleza kwa nini kinamasi hakishibi. Udongo wa msitu uliokomaa hukaribia hali ambayo kinachoingia na kinachooza hulingana, na akiba yake huacha kuongezeka kwa kiasi kikubwa. Kinamasi cha chumvi hakifiki huko, kwa sababu dari yake inapanda. Usawa wa bahari ukiongezeka, maji hukaa juu ya nyasi kwa muda mrefu zaidi, mashapo zaidi hutulia, mizizi huongezeka hadi kikomo fulani, na uso wa kinamasi hupanda pamoja na bahari. Kila mwaka huzaliwa nafasi mpya ya kuzikia. James Morris na wenzake waliueleza uhusiano huo mwaka 2002 kwa kutumia vipimo vya miaka mingi kutoka North Inlet, South Carolina, na wakaonyesha pia upande wake wa hatari: kuna kina ambacho nyasi hustawi kuliko vingine vyote, na bahari ikipanda kwa kasi inayozidi uwezo wa kinamasi, nyasi hudhoofika, mashapo hayashikwi, na kinamasi huzama. Utafiti ulioongozwa na Kerrylee Rogers, uliochapishwa mwaka 2019, ulilinganisha pwani mbalimbali za dunia na kukuta kwamba mahali ambapo bahari imekuwa ikipanda katika miaka 6,000 iliyopita, vinamasi vina kaboni mara kadhaa zaidi ya vile vya pwani ambazo bahari yake ilitulia mapema, kama nyingi za Kizio cha Kusini.

Tuje kwenye takwimu iliyokutatiza. Tathmini ya mwaka 2011 iliyoongozwa na Elizabeth McLeod ilitoa wastani wa gramu 218 za kaboni kwa kila mita ya mraba kwa mwaka kwa vinamasi vya chumvi, dhidi ya gramu 4 hadi 5 kwa misitu. Ulinganisho huo ni halali, mradi msomaji aelezwe kinacholinganishwa: gramu za msitu ni zile zinazozikwa udongoni kwa muda mrefu, na kaboni inayojengwa kwenye magogo haimo. Aidha wastani wa 218 umevutwa juu na maeneo yanayojaa mashapo kwa kasi kubwa. Jambo hili unaweza kulipima mwenyewe kwa kalamu. Uchambuzi wa nguzo nyingi za udongo kutoka ardhi oevu za pwani za Marekani, uliochapishwa mwaka 2018, ulikuta wastani wa kilo 27 za kaboni katika kila mita ya ujazo. Kinamasi kikipanda milimita 4 kwa mwaka, kasi iliyo karibu na ile ya bahari ya dunia (milimita 3.7 kwa mwaka kati ya 2006 na 2018), kitazika gramu 108 katika kila mita ya mraba. Kufikia 218 kingelazimika kupanda milimita 8. IPCC, lile jopo la kimataifa la wanasayansi wa mabadiliko ya tabianchi, katika mwongozo wake wa ardhi oevu wa mwaka 2013, lilichagua tani 0.91 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, yaani gramu 91 kwa mita ya mraba, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo namba ya kuanzia mahali popote ambapo hapajapimwa. Imepoa ukiilinganisha na ile ya kwanza, lakini bado ni karibu mara 20 ya udongo wa msitu.

Hata hivyo, kinachoongezeka kwa mwaka ni jambo moja, na hazina iliyokwisha kuwekwa ni jambo jingine, tena kubwa zaidi. Kilo 27 katika mita ya ujazo ni sawa na tani 270 kwa hekta katika mita moja ya kwanza kwenda chini. Vinamasi vya bahari vilivyokwisha kuchorwa kwenye ramani duniani vina eneo la takriban kilomita za mraba 53,000, na makadirio yaliyochapishwa mwaka 2024 yanaweka kaboni ya mita hiyo ya kwanza kuwa tani bilioni 1.44. Kwa kasi ya milimita 4 kwa mwaka, mita moja huchukua miaka 250 kujengwa. Ndiyo sababu mimi huhangaikia zaidi kulinda kinamasi kilichopo kuliko kusifia gramu zinazoongezeka, na ndiyo sababu swali lako la ukuta limenigusa kuliko mengine.

Ukuta huleta moja ya mambo mawili, na mara nyingi yote mawili kwa pamoja, kila moja katika sehemu yake. La kwanza ni kukauka. Maji yakishuka chini ya uso wa tope, hewa huingia mahali ilipokuwa imefungiwa nje kwa karne nyingi, na uozaji hurudi kwenye ngazi ya juu kabisa. Lignini iliyokuwa imewashinda bakteria wa salfeti sasa huvunjwa. Mwongozo uleule wa IPCC unakadiria kwamba kinamasi kilichokaushwa hupoteza tani 7.9 za kaboni kwa hekta kwa mwaka; igawe kwa tani 0.91, utaona kwamba mwaka mmoja wa ukavu unafuta kazi ya karibu miaka 9. Ardhi yenyewe hudidimia, kwa kuwa sehemu ya mwili wake imegeuka hewa na maji yaliyokuwa yakiibeba yameondoka, hivyo ukuta uliojengwa kuzuia bahari hujikuta kila mwaka ukilinda mahali palipo chini zaidi. Na ile pairaiti, ikikutana na hewa, hutoa asidi ya salfa.

La pili ni kugeuka maji baridi. Mvua na mito hujaza nyuma ya ukuta, chumvi huoshwa, salfeti huisha na haiji nyingine, na wanaotengeneza methani hupata uwanja. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba vinamasi vyenye zaidi ya gramu 18 za chumvi kwa kila kilo ya maji hutoa wastani wa takriban gramu 1 tu ya methani kwa mita ya mraba kwa mwaka, wakati vile vyenye gramu 5 hadi 18 za chumvi hutoa wastani wa takriban gramu 16. Namba hizo zinaonekana ndogo mpaka uzifanyie hesabu. Gramu 91 za kaboni iliyozikwa ni sawa na gramu 334 za hewa ukaa. Methani, gramu kwa gramu, hupasha joto takriban mara 27 ya hewa ukaa katika kipindi cha miaka 100. Kwa hiyo gramu 12 tu za methani zinatosha kulifuta zoezi zima la mwaka. Katika maji yenye chumvi nyingi kinamasi kinabaki na faida kubwa. Katika maji yaliyopunguzwa chumvi kinaweza kuipasha dunia joto ilhali bado kinazika kaboni, na anayetazama nyasi kwa macho hataona tofauti yoyote isipokuwa matete marefu yakianza kuchukua nafasi ya nyasi za chumvi.

Mto Herring, katika mji wa Wellfleet, Massachusetts, unaonyesha yote mawili mahali pamoja. Mdomo wake uliwekewa ukuta mwaka 1909. Sehemu zilizokauka zilididimia na kutoa asidi iliyofikia kuua samaki mtoni. Sehemu nyingine, zilizobaki na maji lakini zikapoteza chumvi, ziligeuka ardhi oevu ya maji baridi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2017, wanasayansi waliochunguza ardhi za namna hiyo walieleza kwamba kurudisha maji ya bahari ni njia ya haraka ya kupunguza methani, kwa sababu salfeti huanza kazi mara inapofika. Hili naliona kuwa ni habari ya matumaini ya kweli: kaboni iliyoteketea hairudi kwa kipindi cha maisha ya mtu, lakini methani inaweza kukatwa kwa kufungua lango.

Ukuta, hata hivyo, si njia pekee ya kuwapa bakteria chakula walichokuwa hawakiwezi. Katika jaribio la Plum Island Sound, Massachusetts, lililochapishwa mwaka 2012, vijito vya kinamasi viliongezewa naitreti kwa miaka 9. Nyasi za juu zilinawiri, lakini mizizi ilipungua, uozaji ukaongezeka, na kingo za vijito zikaanza kuporomoka majini. Ukirejea zile ngazi utaelewa: naitreti iko juu ya salfeti, na kuimwaga kwenye tope ni kuwapandisha bakteria ngazi kadhaa, wakati mmea wenyewe, ukiwa umeshiba, hauna tena haja ya kutuma mizizi mingi kutafuta chakula. Kinamasi kinachopokea maji machafu ya miji au mbolea ya mashamba kinaweza kupendeza zaidi kwa kijani huku kikidhoofika kwa chini.

Nimebakiza lile la mashapo nililoahidi kulirudia. Bonde la Steart, katika Somerset nchini Uingereza, lilifunguliwa kwa bahari mwaka 2014, na katika miaka minne ya kwanza lilikusanya takriban tani 19 za kaboni kwa hekta kwa mwaka, kiasi kikubwa mno ukikilinganisha na zile tani 0.91. Lakini mashapo ya mlango wa mto Severn ni mengi, na sehemu kubwa ya kaboni hiyo ilifika ikiwa imebebwa na tope kutoka kwingine. Ikiwa ingeoza huko ilikokuwa, kinamasi kimeiokoa. Ikiwa ingezikwa mahali pengine hata hivyo, kimeihamisha tu. Isotopu, yaani atomi za kaboni zinazotofautiana kwa uzito, husaidia kuzitenganisha: katika kipimo cha uwiano wa kaboni nzito kwa nyepesi, kaboni ya Spartina ina alama ya takriban −13 kwa elfu, ya mimea mingi ya nchi kavu karibu −27, na ya mwani wa baharini huwa katikati. Kwa umri wa tabaka tunatumia risasi-210, ambayo nusuuhai yake, yaani muda wa kupungua hadi nusu, ni miaka 22, na siziamu-137, ambayo kilele chake cha mwaka 1963, kilichotokana na majaribio ya silaha za nyuklia, huonekana waziwazi kwenye nguzo iliyotulia vizuri. Bila vipimo hivi viwili, mtu anaweza kukuambia kuna kaboni kiasi gani, lakini hawezi kukuambia ilikuja lini wala ilitoka wapi.

Kwa hiyo, ukipata nafasi ya kukaa na wanaotaka kujenga huo ukuta, usiwaulize kama nyasi zitaachwa. Waulize lango litapitisha kiasi gani cha maji wakati wa bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, na kiasi gani wakati wa maji mafu, yanapojaa kidogo, maji ya ndani ya tope yatabaki na gramu ngapi za chumvi kwa kilo ukilinganisha na zile 18, na maji yatashuka sentimita ngapi chini ya uso wakati wa kiangazi. Wakikujibu kwamba kinamasi kitarudishwa baadaye endapo kitaharibika, waonyeshe vinamasi vya Essex, Uingereza, ambako kuta zilibomolewa kwa makusudi na bahari ikaruhusiwa kurudi: nyasi zilirejea ndani ya miaka michache, lakini watafiti wanakadiria kwamba udongo wake utahitaji takriban miaka 100 kufikia kaboni ya vinamasi jirani ambavyo havikuguswa.